Tivii na manteli juu ya meko ya kuni: kisa cha sebule moja na kwanini tulianza na moto

Watu wengi wakitaka kufunga tivii juu ya meko ya kuotea moto wanaanza na tivii. Wanachagua saizi, afu breketi, yaani chuma cha kuishikia tivii ukutani, afu manteli, yaani ile rafu ya juu ya meko, na moto wenyewe unakuja kufikiriwa siku ya kuuwasha wakati kila kitu kishafungwa na matundu yashatobolewa. Mimi nashikilia kwamba lazima iende kinyume, unaanza na moto, unapima joto lake, ndo unapanda juu kidogo kidogo mpaka kwenye tivii, na kama vipimo vikikataa unaachana na huo ukuta. Kisa hiki nimekiandika kirefu maana kina karibu kila kitu kinachoweza kukorofisha kwenye kazi za namna hii.

Meko ilikuwa ya matofali, ya kuni, sio ya gesi. Mdomo wake upana sm 90, na ukipima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa juu wa mdomo ni sm 80. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alikuwa na gogo zuri la mwaloni limeshachongwa na kupigwa vanishi, urefu sm 180, kutokeza ukutani sm 18, unene sm 12. Alitaka likae sm 20 juu ya mdomo wa meko, juu yake tivii ya inchi 65, katikati ya gogo na tivii ikae saundiba, yaani ile spika moja ndefu ya kulala, na waya zote zizame ndani ya ukuta huohuo zisionekane. Kwa maneno mengine alitaka ile picha tunayoiona kila siku mitandaoni.

Kabla ya kugusa futi niliangalia ukuta kwa macho tu. Juu ya mdomo upande wa kushoto kulikuwa na doa la masizi, limepanda kama kiganja kimoja, limefutwafutwa lakini linaonekana. Doa la hivyo lina maana moshi unatokea mbele badala ya kupanda dohani, yaani ile njia ya kutolea moshi, na moshi ukitokea mbele ujue na hewa ya moto inakuja nayo, afu hayo masizi yataenda kuingia kwenye matundu ya kupumulia ya tivii. Sasa hapo hata usianze kuongea habari za breketi. Aliitwa fundi wa kusafisha dohani, akakuta kile kilango cha dohani hakifunguki mpaka mwisho kwa sababu ya takataka na ule utando mgumu mweusi unaogandamana kwenye kuta za dohani, ambao wenyewe unashika moto na ndo chanzo kikubwa cha moto wa dohani. Akasafisha, akarekebisha kilango, moshi ukapanda vizuri. Kama mtu hataki kulipia hii hatua basi mimi siendelei na kazi, na kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moto, kiwepo sebuleni hata kama hakuna tivii.

Sasa tuje kwenye gogo. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani, zile za IRC, zina hesabu nzuri sana kwa meko za matofali, na hata ukiwa nchi nyingine inasaidia kuelewa mantiki yake (kanuni za kwenu ndo zinazotawala lakini). Kitu chochote kinachoshika moto hakiruhusiwi kuwa ndani ya sm 15 kutoka mdomo wa meko, hiyo haina mjadala. Kuanzia sm 15 mpaka sm 30.5 kinaruhusiwa ila kisitokeze zaidi ya moja ya nane ya umbali wake kutoka mdomo. Piga hesabu: gogo likikaa sm 20 juu ya mdomo linaruhusiwa kutokeza sm 2.5 tu. Lake linatokeza 18! Kwa hiyo sehemu aliyoitaka haikuwa ya kubishania hata kidogo.

Akaniuliza, "Fundi, mbona kwenye picha nyingi gogo liko chini kabisa, karibu liguse mdomo?"

Nikamwambia, "Mama, kwenye hizo picha hakuna moto unaowaka, na mengine sio mbao, ni zege limepakwa rangi ya mbao."

Na hilo la zege nililisema kwa dhati kabisa kama chaguo. Manteli ya jiwe au zege haishiki moto kwa hiyo inaweza kushuka chini zaidi, ila angalia imefungiwa kwenye nini, maana watu wanaweka jiwe mbele na nyuma yake kumbe kuna fremu ya mbao. Jiwe haliungui lakini linapitisha joto. Ubao wa simenti nao hivyohivyo, ukiugandamiza moja kwa moja juu ya mbao hujaikinga hiyo mbao, umeificha tu, joto linapita linaikuta palepale. Hili kosa naliona sana na linaniumiza kwa sababu ni la watu waliojitahidi kuwa waangalifu.

Na kuna kitu kuhusu mbao ambacho ningependa kila mwenye meko akijue. Mbao mpya inahitaji joto kubwa ndo ishike moto, zaidi ya digrii 200, lakini mbao inayopashwa joto mara kwa mara miaka na miaka inabadilika ndani, inakauka, inaanza kuwa kama mkaa taratibu bila mwali wowote, na lile joto la kuishikisha moto linashuka. Kwa hiyo mtu akisema hii rafu iko hapa miaka 15 na haijawahi kuungua, hiyo miaka 15 ndo inayonitia wasiwasi mimi.

Yeye alilipenda gogo lake, hakutaka zege. Sawa, basi tukalipandisha: chini ya gogo ikae sm 35 juu ya mdomo, maana yake sm 115 kutoka sakafuni, na juu ya gogo inakuwa sm 127. Tumevuka ile sm 30.5, kutokeza sm 18 sio tatizo tena. Kama meko yako ni ya kiwandani, ile ya chuma inayokuja imekamilika, achana na hesabu hii, fuata kitabu cha maelekezo cha hiyo modeli maana kila moja ina jedwali lake la umbali na ndo lilopimwa maabara.

Baada ya hapo ndo tukapima joto, na hapa nataka nikae kidogo.

Tivii nyingi zimeandikiwa zifanye kazi kwenye joto la chumba la kati ya digrii 0 na 40, angalia kwenye kitabu chake ukurasa wa mwisho mwisho. Hiyo 40 ni ya hewa inayoizunguka, na tivii yenyewe ikiwaka inaongeza joto lake, kwa hiyo mimi lengo langu huwa 35 kushuka chini. Tuliwasha moto wa kawaida wa nyumba ile, sio wa kuonea huruma, tukauacha kwa masaa 3, ukuta uko mtupu hauna chochote. Vipimajoto vidogo vilibandikwa ukutani kwa tepu ya kuhimili joto, kimoja pale ambapo ukingo wa chini wa tivii ungekuwa, sm 142 kutoka sakafuni, kingine juu zaidi, na kingine kikaning'inizwa sm 5 mbele ya ukuta kipime hewa. Kile kipimajoto cha kupiga kwa mbali kama bastola ni kizuri kwa kuzungukia ukuta kutafuta sehemu yenye moto zaidi ila kwenye chuma kinachong'aa kinadanganya, na hewa hakiwezi kuipima.

Matokeo: pale sm 142 ukuta ulifika digrii 57, hewa mbele yake 49. Kwa tivii hiyo ni kifo cha polepole, gundi za ndani, taa za nyuma ya skrini, kapasita, vyote vinazeeka haraka, na waranti hapo usiitegemee.

Afu tukatengeneza manteli ya majaribio, kipande cha bati kimekunjwa kinatokeza sm 18 kikiwa kimekaa palepale gogo litakapokaa, tukapima tena kwa moto uleule. Hewa ikashuka mpaka 34, ukuta 36. Unaona kazi ya manteli sasa? Hewa ya moto inapanda imebana ukuta, ikikutana na rafu inasukumwa mbele kuelekea chumbani halafu ndo inapanda mbali na tivii. Kina cha rafu ndo kinachoisukuma, kwa hiyo rafu nyembamba ya mapambo ya sm 8 haifanyi kazi hii, na rafu fupi kuliko upana wa mdomo wa meko nayo inaacha joto lipite pembeni. Hapo ndo pana mvutano wa kazi nzima, rafu ndefu ya kutokeza inailinda tivii vizuri ila inataka ipandishwe mbali na moto, ukiipandisha tivii nayo inapanda, na shingo za watu zinaanza kulalamika.

Wengi wangeishia hapo, 34 ni chini ya 35, toboa. Ila vipimajoto tuliviacha ukutani moto ukazimika wenyewe, na saa 2 baada ya moto kufa ule ukuta ulikuwa unasoma 43. Umepanda wakati hakuna moto! Tofali ni zito, joto linalipenya taratibu kutoka upande wa dohani, linakuja kutokea mbele kwa kuchelewa, na hilo joto manteli hailigusi kabisa kwa sababu halijapitia mbele, limetoka mgongoni. Kwa hiyo kuna njia mbili za joto, na kipimo cha wakati moto unawaka kinakuonyesha moja tu. Nasisitiza hapa maana maelekezo mengi yanasema pima baada ya saa kadhaa za moto, na kwa ukuta wa tofali hiyo ni nusu ya kipimo.

Dawa yake haikuwa ngumu. Tulifunga ubao wa simenti mbele ya matofali ukiwa umeachana nayo kwa sm 2.5, umesimama juu ya vipande vya bomba la chuma, chini wazi, juu wazi, hakuna kuziba na plasta kokote. Hewa ya chumba inaingia chini inabeba joto inatoka juu. Tukapima upya, moto saa 3 na masaa ya baada yake, uso wa ubao haukuvuka 35. Hiyo nafasi ya hewa ndo inayofanya kazi, sio ubao, mtu akija kuupiga rangi akaona pale juu pana ufa akauziba kwa silikoni ameua kila kitu, na hilo mwenye nyumba aliandikiwa kwenye karatasi.

Sasa shingo. Wanaofuata viwango vya THX, vile vya ubora wa picha na sauti za sinema, wanasema katikati ya skrini isizidi nyuzi 15 juu ya usawa wa macho ya aliyekaa. Macho ya watu wa nyumba ile wakiwa kwenye kochi yalikuwa sm 105 kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa tivii sm 142, tivii ya 65 ina urefu wa wima kama sm 82, kwa hiyo katikati yake inaangukia sm 183, tofauti na macho sm 78. Kochi lilikuwa mita 2.7 kutoka ukutani, na hapo pembe inatoka kama nyuzi 16. Imezidi. Tivii ya inchi 55 ingeingia kwenye 15 kwa taabu, hakuitaka, basi kochi likarudishwa nyuma mpaka mita 3.2 na pembe ikashuka karibu na 14. Breketi ya kuinamisha nayo iliwekwa ili mwanga usirudi na rangi zisipauke, ila kuinamisha tivii hakuiokoi shingo, shingo inajali urefu tu. Niliwaambia wazi kwamba kwa watu wa filamu za masaa 3 kila usiku ukuta wa pembeni ungekuwa bora zaidi, wakasema wao ni habari na mpira, sawa.

Kutoboa. Ukuta wa tofali kuzunguka dohani mara nyingi ni tofali moja tu, kama sm 10, nyuma yake kuna njia ya moshi. Fundi aliyezoea kufunga magogo kwa nondo ndefu anatoboa sm 15 anaingiza nondo na gundi, na kwenye ukuta wa dohani hiyo nondo inakwenda kutokea kwenye moshi. Hatukufanya hivyo. Kwenye biti ya drili tulizungusha tepu nyekundu kwenye sm 7, ikigusa tofali unasimama, na tulitoboa katikati ya matofali maana viungo vya saruji vya zamani vilikuwa vinamwagika kama unga ukivikwaruza kwa msumari. Gogo la mwaloni la vipimo vile lina kama kilo 27 kabla mtu hajaweka kitu juu yake, kwa hiyo badala ya nondo chache za kuingia ndani tulitumia bamba la chuma refu lililofungwa kwa bolti nyingi fupi, mzigo ukagawanyika, gogo likachongwa mfereji kwa nyuma likaja kukaa juu ya bamba likafichwa kabisa. Lile pao la chuma linalobeba matofali juu ya mdomo hatukuligusa.

Bolti zote zilikuwa za chuma za kutanuka. Vile vishikizi vya plastiki vinavyokuja bure kwenye boksi la breketi vitupe, plastiki kwenye joto inalainika na kuachia taratibu, na gundi za kuchanganya nazo aina nyingi zinaanza kulegea kwenye digrii 50 na kitu, sehemu kama hii ni hatari. Breketi ya tivii imepita kwenye ubao wa simenti mpaka kwenye tofali, kukiwa na vipande vya bomba katikati ili bolti ikikazwa isivunje ubao. Ubao haubebi chochote. Barakoa ya vumbi ivaliwe muda wote, vumbi la tofali na simenti lina silika, halitoki mapafuni.

Waya zilikuwa na ubishi mfupi. Kuzamisha waya kwenye ukuta unaokaa joto namna ile nilikataa, waya za kawaida ganda lake la plastiki ya PVC limepimwa kwa digrii 70 na ukaribu na dohani hujui kuna ngapi, na ile waya ya umeme inayokuja na tivii yenyewe haijatengenezwa kuzikwa ukutani popote pale. Fundi umeme mwenye leseni aliweka soketi nyuma ya tivii kwa paipu ya chuma inayotambaa juu ya ukuta, ikaenda pembeni usawa hadi nje ya matofali ya meko, ndo ikashuka kwenye ukuta wa kawaida. Paipu imepakwa rangi ya ukuta, ukiwa kwenye kochi huioni. Kebo ya HDMI, ile ya kupeleka picha na sauti kwenye tivii, ilipita paipu yake peke yake, na kwa sababu ya mzunguko huo ikawa karibu mita 8, urefu ambao kebo ya shaba ya kawaida haibebi picha ya 4K ya kasi kubwa kwa uhakika, kwa hiyo ikatumika ile ya nyuzi za mwanga. Hizo zina kichwa na mkia, upande umeandikwa wa chanzo na upande wa skrini, ukiivuta kinyume haifanyi kazi na umeshamaliza kuivuta.

Risiva, yaani ile mashine ya kuendeshea spika, ilikaa kwenye kabati la pembeni, mgongo wazi, juu yake sm 10 na zaidi za hewa.

Saundiba katikati ya gogo na tivii haikuwezekana, ile nafasi ya sm 15 ndo koo la kupumulia la mpango wote, na ndo sehemu yenye joto zaidi juu ya manteli. Spika za kushoto na kulia zikasimama sakafuni, usawa wa masikio, mita 1.4 kila moja kutoka katikati ya meko, ambayo kwa kochi la mita 3.2 inatoa pembe ya kama nyuzi 24 kila upande, ndani ya zile 22 mpaka 30 zinazopendekezwa kwa spika za mbele, na ziko karibu mita nzima kutoka ukingo wa mdomo. Spika ya katikati ikapanda juu ya tivii ikainamishwa kuelekea kochini. Sauti za watu zinasikika zinatoka kwenye skrini, sio darini.

Kilichobaki ni kile alichokiomba mwishoni kabisa, breketi ya mkono inayoshusha tivii mbele ya meko wakati wa kuangalia. Inapendeza na kwa shingo ni nzuri mno, kwa meko ambayo haiwashwi ningeifunga bila swali. Hapa nimekataa. Ukiishusha tivii unaivusha mbele ya manteli na kuiingiza kwenye ule mkondo wa joto ambao kazi nzima ilikuwa kuukwepa, na mtu akiwa na wageni hatakumbuka kuipandisha kabla ya kutia kuni nyingine. Tumekubaliana kipimajoto kidogo kinachotuma namba kwenye simu kikae nyuma ya tivii msimu mzima wa baridi, kengele yake ikiwa imewekwa kwenye 38.